Barua Iliyopitia kwa Mtendaji

Barua ya kwanza niliyompelekea mchapishaji niliiandika kwa siku kumi na tisa. Jibu lake lilikuja baada ya siku mbili, mistari michache tu, na nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba sihitaji kuangalia simu ili kuirudia. "Tumesoma barua yako mara mbili. Hatujafahamu nani anafanya nini katika riwaya yako. Iandike upya, isizidi ukurasa mmoja, itufikie Ijumaa hii kabla ya saa kumi jioni. Baada ya hapo hatutapokea kazi mpya hadi mwakani."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, nyumbani kwetu Keza, wilayani Ngara, nimesimama nyuma ya jiko, mahali pekee pale kwetu simu inaposhika mtandao, miguu yangu katikati ya kahawa iliyoanikwa. Mtu mwingine angefurahi. Hawakunikataa. Mimi nilianza kuchambua hayo maneno "mara mbili". Waliisoma mara mbili kwa sababu waliipenda, au kwa sababu mara ya kwanza hawakuambulia kitu? Au waliisoma watu wawili, kila mmoja mara yake, wakatazamana, wakacheka? Nilisimama pale mpaka mama akaniuliza kama nimekuja kuigeuza kahawa yake au kuikanyaga.

Nilikuwa nimemaliza chuo miaka miwili nyuma. Kazi niliyosomea sikuipata, na nyingine nilizoomba hazikunijibu hata kunikataa. Nilichokuwa nacho ni mswada wa riwaya, kurasa mia moja na arobaini. Majirani wakimwuliza baba binti yake anafanya nini siku hizi, alijibu "anaandika" kwa sauti ile ile anayosemea mgonjwa "anaendelea". Na nilijua kwamba nikikosa mwaka huu, mwakani sitakuwa naandika tena. Nitakuwa Biharamulo, nyuma ya kaunta ya duka la shangazi, nikipima mchele. Mpango huo ulikuwa umeshajadiliwa mara tatu wakati wa chakula, mimi nikiwepo, kana kwamba sipo.

Riwaya yenyewe si ngumu kueleza. Mimi ndiye niliyekuwa mgumu. Mwanaume mmoja wa kijijini anakwenda Biharamulo machimboni kutafuta maisha. Shamba lake dogo la migomba anamwachia jirani yake, mwanamke mjane, anamwambia, "Nitunzie mpaka nirudi." Anakaa miaka ishirini. Halafu anarudi, analitaka shamba. Basi. Lakini katika barua yangu hapakuwa na mwanaume, wala mjane, wala mgomba hata mmoja. Nilikuwa nimeandika, "Riwaya hii inachunguza umiliki, kumbukumbu na maana ya kuondoka." Sentensi hiyo peke yake ilinichukua siku mbili na nilikuwa najivunia.

Kosa langu la pili, baada ya hiyo sentensi, lilikuwa kuomba ushauri.

Nilianza na rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja chuoni, ambaye sasa anatangaza redioni huko Biharamulo. Nilimtumia barua, akanijibu kwa jumbe za sauti saba, kila moja ndefu kuliko barua yenyewe. "Shoga, anza na kishindo! Mtu ananyoa ndevu huku anakusikiliza, unataka ajikate." Nikamwambia mhariri hanisikilizi, ananisoma. "Ni yale yale. Na mwisho usiuseme, waache na kiu." Niliandika upya. Barua ikaanza hivi: "Je, ungefanya nini kama ardhi uliyoimwagilia jasho si yako?" Nikaisoma kwa sauti nyuma ya jiko, nikaona aibu mbele ya kuku.

Jumanne jioni baba akaniomba aione. Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Amestaafu kila kitu isipokuwa kalamu nyekundu. Alivaa miwani, akakaa upande wenye mwanga, akasoma polepole. Nikaanza kuhesabu mara anazokohoa kuona kama ni dalili ya kitu.

"Hii si barua," alisema hatimaye. "Anwani ziko wapi? Kichwa cha habari kiko wapi? Unamsalimia mtu kwa swali kama askari wa barabarani."

"Baba, wachapishaji hawataki barua rasmi. Wanataka kujua kitabu kinahusu nini."

"Kila mtu anataka barua rasmi. Wengine hawajui tu kwamba wanaitaka."

Akaniandikia yeye. Anwani mbili, moja kulia na moja kushoto. Chini yake, kwa herufi kubwa na mstari, YAH: MAOMBI YA KUCHAPISHIWA RIWAYA. "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, Mtanzania, mwenye akili timamu." Elimu yangu ilichukua aya nzima, kuanzia darasa la kwanza. Mwishoni nilikuwa tayari kufika kwa usaili wakati wowote nitakapohitajika. Riwaya ilibakiwa na mistari mitatu: mjane anatunza shamba miaka ishirini, mwenyewe anarudi kutoka Biharamulo, mjane anafariki kabla hajampa jibu. Na ile barua yangu ya swali aliipa alama kumi na moja kwa ishirini. Nililala nikiwaza zile tisa zimepotelea wapi.

Wakati baba anaandika, mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Barua gani inaandikwa siku zote hizi? Mimi baba yako aliniandikia kipande cha karatasi ya daftari, na hakikujaa. Aliandika ana nyumba ya bati, hana mke. Nikaelewa."

"Niliandika kwa kirefu zaidi ya hapo," alisema baba.

"Hukuandika."

Baba alikohoa, akarudi kwenye karatasi, akaongeza mstari ambao ndio ulioniponza. Chini ya anwani ya mchapishaji aliandika: K.K. Afisa Mtendaji wa Kijiji. Yaani kupitia kwa. Kwetu barua ya maana haiendi moja kwa moja kwa mwenyewe. Inapita kwa mtu mwenye muhuri, naye anaigonga kuonyesha kwamba ameiona na kwamba wewe upo kweli.

Nilikataa. Nilisema hakuna mhariri duniani anayetaka muhuri wa kijiji. Baba akavua miwani.

"Huko wanakujua wewe nani? Sisi ni watu wa mpakani. Ukijitaja tu umetoka Ngara, swali la pili ni kama kweli umetoka huku au umevuka. Muhuri unalijibu swali hilo kabla halijaulizwa. Barua isiyopita popote ni barua ya mtoro."

Ningekuwa mtu wa kawaida ningecheka, nikatuma ninayoitaka mimi. Lakini hilo neno liliniingia. Nilikumbuka foleni ya kitambulisho, jinsi nilivyoulizwa bibi yangu amezikwa wapi. Je, kama ndiyo maana hawakunielewa? Je, kama kuna mahali nimeandika kama mgeni? Kufika Jumatano mchana nilikuwa nimenakili barua ya baba kwa mwandiko safi, nakala mbili, na najidharau.

Alhamisi nilikwenda ofisi ya kijiji. Mtendaji alikuwa amekwenda kwenye kikao. Njoo kesho.

Kesho ndiyo Ijumaa.

Saa mbili asubuhi nilikuwa benchini nje ya mlango wake. Mbele yangu alikuwepo mzee wa kutoka Shinyanga aliyehamia huku na ng'ombe wake zamani, anataka kibali cha kuwasafirisha watatu. Nyuma yangu, mama mwenye mtoto mgongoni, anataka barua ya kuombea cheti cha kuzaliwa. Niliwaamkia wote wawili, mzee kwa shikamoo, mama kwa habari za asubuhi, halafu nikaanza kuwaza kama mama alitarajia shikamoo. Mtendaji alifika saa nne. Alinitangulia madarasa mawili pale shuleni na alifundishwa na baba, lakini akiwa mezani hanifahamu.

Alimhudumia mzee nusu, akagundua kitabu cha vibali kimeisha kurasa, akamwambia akae asubiri kiletwe kingine. Akaniita.

"Shida?"

"Muhuri, Mtendaji. Barua inapita kwako."

Aliisoma mara moja. Akatazama mwandiko. "Mwalimu ameiona hii?"

"Ameisahihisha."

"Kwa nyekundu?"

"Kwa nyekundu."

Akajiweka sawa kwenye kiti, akaisoma tena polepole, kidole chini ya mistari. Akafika kwenye ile mistari mitatu ya riwaya. Kidole kikasimama.

"Hili shamba liko upande gani?"

"Halipo. Ni riwaya."

"Lina migomba?"

"Lina."

"Na mjane yumo ndani miaka ishirini. Na mlalamikaji katoka Biharamulo."

"Si mlalamikaji, Mtendaji. Ni mhusika."

"Dada yangu, mimi hapa nina migogoro mitatu ya namna hii. Nikigonga muhuri, kesho mtu atakuja kuniambia ofisi imeshaamua."

"Haijaamua kitu! Ni hadithi!"

"Basi nani anashinda?"

Mlango ulikuwa wazi. Nilisikia benchi likilia kwa watu kusogea.

"Hakuna anayeshinda," nilisema. "Mjane anafariki. Imeandikwa hapo."

"Anafariki na nini?" aliuliza mama mwenye mtoto, kutoka nje, bila kuombwa.

"Kikohozi."

"Kikohozi tu?"

"Cha muda mrefu. Kinaanza sura ya tatu."

"Miaka ishirini anapalilia, halafu kikohozi!" Sasa alikuwa ameshaingia ofisini. "Na yule bwana?"

"Anabaki amesimama shambani. Ni mwisho ulio wazi. Unamwachia msomaji nafasi."

"Nafasi ya nini? Mimi nimekuja na shida ya cheti, wewe unaniachia kesi?"

"Mtu akifa kesi haifi," alisema Mtendaji. "Inakwenda kwa warithi."

"Kesi gani?" Mzee alikuwa mlangoni, kofia mkononi. "Shamba ni la mwenyewe. Aliacha, hakutoa. Mimi nikikuachia ng'ombe wangu, wakizaa, ndama ni wako?"

"Babu, ng'ombe hapaliliwi."

"Anachungwa!"

"Aliacha mashina mangapi?" mama aliniuliza.

"Kumi na mawili."

"Na sasa?"

"Limejaa mpaka bondeni."

"Aliyapanda nani hayo ya mpaka bondeni?"

"Yeye."

"Ehee!" Alimgeukia mzee. Mtoto mgongoni akageuka naye. Kisha akanirudia mimi, na hakuwa anatania tena. "Dada, sema kweli. Umemwua kwa sababu umeshindwa kuamua."

Nimesoma fasihi miaka mitatu chuoni. Nilikuwa na majibu. Nilitaka kumweleza kwamba kifo kile kinaashiria jambo, kwamba ukimya wa mjane ni jibu la aina yake. Nilifungua mdomo na sikuamini hata neno moja. Miaka mitatu nilikuwa nimeizunguka sura ile ya mwisho, nampa haki huyu, naona namdhulumu yule, nabadilisha, nabadilisha tena. Siku nilipomwua mjane nilijisikia mwepesi, nikadhani huo wepesi ndio ufundi.

Na nilichoka. Ilikuwa saa tano kasoro, barua haijagongwa, na watu watatu nisiowajua sawasawa wananihoji kuhusu mtu ambaye hayupo.

"Hafi!" nilisema, kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. "Anamrudishia. Anampeleka shambani asubuhi, anamwonyesha mashina yake kumi na mawili, moja moja, anamwambia hesabu. Yako hayo, nilikutunzia. Na yale mengine yote, aliyopanda yeye, ameshayakata kabla hapajapambazuka. Yamelala chini mpaka bondeni."

Mtoto alipiga chafya.

"Mgomba wa miaka ishirini upo?" aliuliza mzee, taratibu.

"Machipukizi yake. Shina ni lile lile."

"Na mikungu? Kakata na mikungu?"

"Na mikungu."

"Iliyokomaa?"

"Iliyokomaa na ile ambayo bado."

Mzee alivaa kofia yake. "Huyo mama mbaya," alisema, kwa heshima kabisa.

"Hiyo sasa ni kuharibu mali," alisema Mtendaji.

"Mali ya nani?" mama alimwuliza.

Mtendaji alitazama dari, akatazama barua. Halafu, nadhani ili tu tuondoke, akachukua muhuri, akaubonyeza kwenye wino, akaugonga. Nakala zote mbili.

"Mtendaji, subiri! Hiyo ndiyo yenye kifo!"

"Muhuri ukishagongwa umegongwa. Nakala moja inabaki ofisini." Akaitia kwenye jalada la migogoro ya ardhi, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Mpaka leo, kwa kumbukumbu za serikali ya kijiji, mjane wangu ni marehemu.

Nilitoka pale na karatasi yenye muhuri wa bluu uliofunika nusu ya elimu yangu ya msingi, iliyopita kila mahali ilipotakiwa kupita, na ambayo haikuwa kweli tena. Kwenye kituo cha bodaboda nilikaa juu ya jiwe. Nilikuwa nimebakiwa na muda wa saa tano hivi. Ningeweza kwenda Ngara mjini, steshenari, kuiingiza kwenye kompyuta na kuituma kama ilivyo: nadhifu, na imeshakubaliwa na baba. Au niandike ile ya ofisini, ambayo ilikuwa na kasoro moja tu, kwamba inaeleza kitabu ambacho sijakiandika.

Je, huo si uongo? Nililiwaza hilo kwa muda ambao mtu angeweza kuwa ameshafika mjini na kurudi. Mwenye bodaboda mmoja aliniuliza mara tatu kama naenda au nasubiri mtu. Mara ya nne hakuniuliza, alinionea huruma.

Mwishowe niliandika kwenye simu, palepale, kwa kidole gumba. Mwanaume anaacha mashina kumi na mawili ya migomba kwa jirani yake mjane, anakwenda machimboni. Mjane analikuza shamba miaka ishirini. Mwanaume anarudi kulidai. Mjane anamrudishia alichoacha, na alichopanda yeye mwenyewe anakikata. Ilikuja nusu ukurasa. Niliogopa ufupi wake, nikakumbuka nyumba ya bati, nikaiacha. Chini niliongeza: "Sura ya mwisho ninaiandika upya. Itakuwa tayari ndani ya wiki tatu." Nilipanda mpaka juu kwenye kilima panaposhika mtandao, nikatuma saa tisa na dakika kumi. Nikabaki nasikitika kwa kuongeza sentensi ile ya mwisho, halafu kwa kutoiweka mwanzoni.

Baba alikuwa anasubiri mlangoni.

"Imepita?"

"Imepita kwa Mtendaji, Baba. Na imeshakwenda." Yote mawili yalikuwa kweli, ingawa hayakuhusu barua moja. Nilikaa na hilo siku mbili, kisha nikamweleza, kwa sababu usingizi ulikuwa haupatikani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuvaa miwani. Nilitegemea swali la K.K. Badala yake aliuliza, "Kakata na iliyokomaa?" Nikamwambia ndiyo. Akatoka nje, akasimama muda mrefu akitazama migomba yetu.

Jibu lilikuja Jumatano iliyofuata. "Sasa tumefahamu. Tunasubiri mswada mzima baada ya hizo wiki tatu." Nililichambua neno "sasa" siku nzima. Rafiki yangu wa redio alinitumia ujumbe wa sauti wa vigelegele tupu. Mama aliuliza kama wamekubali au wanasubiri. Nikasema wanasubiri. "Kumbe mnafanana," akasema.

Sura ya mwisho niliiandika kwa siku nne. Sikuwahi kuandika kitu kwa wepesi namna ile. Kilichoniua ni kikohozi. Kwa kuwa nilikuwa nimepanga mjane afe, nilikuwa nimemkohoza kuanzia sura ya tatu kwa uangalifu mkubwa. Anakohoa akipalilia, anakohoa kanisani, kuna aya nzima ya kikohozi kilichochanganyika na mvua ambayo niliipenda kuliko zote. Mtu mwenye kifua kile hawezi kuangusha migomba ya mpaka bondeni kabla ya mapambazuko. Ilibidi vyote viondoke, kimoja kimoja, na kila nikitoa kimoja sentensi ya jirani yake inalegea. Nilikuwa nimebakiza siku mbili nilipochapisha kurasa zote pale steshenari na kuzirudisha nyumbani ndani ya mfuko wa rambo, nikiapa kwamba nimemponya kabisa.

Asubuhi nilizikuta kurasa ziko kwa baba, upande wenye mwanga. Alikuwa hajawahi kuiomba riwaya, miaka yote mitatu. Barua ndiyo aliyoiomba. Kalamu ilikuwa sikioni, miwani puani, na alikuwa amefika mbali kuliko nilivyotarajia. Sikutaka kusimama pale nikimwangalia, nikasimama. Hakuniangalia. Alifunua, akasoma, akafunua, akarudi ukurasa mmoja nyuma.

"Ukurasa wa tisini na mbili," alisema, akiichomoa kalamu sikioni, "bado anakohoa."